Picha Iliyofuata Kaburi

Juzi nilipita kando ya mashamba ya mpunga, wakati ule punje zinapoanza kujaa maziwa na ndege wanashuka kwa mamia. Mwenye shamba moja alikuwa amefunga utepe mweusi kutoka mti hadi mti, ukapita juu ya mpunga ukimetameta, na upepo ulipoupiga ulitoa sauti nyembamba kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nilimwuliza ni utepe gani. Akasema ni kanda za video za zamani, watoto wamezivunja kwa sababu mashine ya kuzichezea haipo tena. "Ndege wanaogopa sana," akasema. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilikuwa nikijiuliza ni akina nani walio ndani ya ule utepe, wanaopeperuka juu ya mpunga na hakuna awaonaye.

Sisi tulikuwa na deki, mashine ya kuchezea kanda kama hizo. Katika safu yetu ya nyumba pale Kisumu ilikuwa moja tu, na mama aliishonea kitambaa cheupe cha kuifunika kama vile watu wengine wanavyofunika mkate. Ikiwaka ilitoa harufu ya vumbi la moto na plastiki, na mpaka leo harufu hiyo kwangu ni Jumapili. Tukishatoka kanisani na kula, baba alifunga pazia ili jua lisipige kwenye kioo cha televisheni. Pazia lilikuwa la kijani, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kijani, hata meno ya watu. Watoto wa jirani walikaa mkekani. Watu wazima walikaa vitini. Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani zamani wakaja na reli, alikuwa na kiti chake karibu na mlango, na ole wake atakayekikalia. Alipenda filamu za Kihindi, na kila Jumapili alikuja na leso maalumu ya kulilia.

Baba alikuwa karani katika bohari ya bandari na alijua Kiingereza, basi ikichezwa filamu ya Kiingereza yeye ndiye aliyetufasiria. Mama hakusoma sana. Alitazama tu. Na hapo ndipo ugomvi wao mtamu ulipoanzia.

"Sasa huyu anamwambia bibi yake anaenda sokoni," baba alisema.

"Haendi sokoni," mama alijibu, macho yake kwenye kioo.

"Mama Achieng, amesema sokoni! Mimi si ndiye nasikia Kiingereza?"

"Wewe umesikia mdomo. Mimi nimeona viatu. Nani anaenda sokoni na amefunga viatu namna hiyo, mara mbili mbili?"

Punde yule mtu alikuwa juu ya gari moshi, anatoroka, kofia imeruka. Mkeka mzima ulipiga kelele. Mama Zuhura alijipiga paja akacheka hadi akakohoa. "Bwana karani, rudi shule! Umeshindwa na mtu asiyesikia hata neno!"

Mimi nilikaa chini, katikati ya magoti ya mama, akinisuka nywele. Nilikuwa mtoto wa kuona haya kupita kiasi. Mgeni akinisalimia nilijificha nyuma ya gauni la mtu yeyote aliyekuwa karibu, na shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alidhani kwa miezi miwili kwamba mimi ni bubu. Lakini pale gizani, watu wote wakiangalia mbele, nilikuwa salama. Mama alinifundisha kwa sauti ya chini, akionyesha kwa kitana.

"Usisikilize. Tazama. Mkono wake unafanya nini?"

Nakumbuka filamu moja ambayo jina lake sikuwahi kulijua. Mwanamke alikuwa peke yake jikoni. Alitoa vikombe viwili akavipanga mezani. Akamimina chai katika kimoja. Kisha akakitazama cha pili, akakichukua, akakifuta ingawa kilikuwa kikavu, akakirudisha kabatini. Kitana cha mama kilisimama kichwani mwangu.

"Mume wake amekufa," alinong'ona.

Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno. Baba alikuwa bado anangoja mazungumzo ili afasiri. Lakini mimi nilikuwa nimeona kikombe, na kitu fulani kilinifunguka ambacho hakijafunga tena. Nilielewa kwamba picha huweza kukwambia jambo moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu mzima.

Basi nikawa namwuliza maswali, naye akanipa sheria zake. Nilimwuliza kwa nini mtu anafunga mlango wa nyumbani na papo hapo amefika mji mwingine. Akasema, "Wanatupa yale ya kungoja. Wewe ungependa kumtazama mtu amekaa ndani ya basi siku nzima? Inayofuata ndiyo iliyotokea baadaye." Nilimwuliza mbona saa nyingine mtu mzima anaonekana mtoto tena. Akasema, "Huyo anakumbuka. Angalia, kabla ya kukumbuka picha inatikisika kama maji ya karai. Bila maji, hakuna kukumbuka." Na nilimwuliza kuhusu yule jambazi mwenye kovu, aliyepigwa risasi Jumapili moja, na Jumapili iliyofuata akawa anakula ndizi katika filamu nyingine, mzima kabisa.

"Ah, huyo kazi yake ni kufa," mama alisema. "Akimaliza anaamka anaenda zake."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliweka maneno hayo pamoja na sheria zile nyingine.

Mama aliugua kabla ya mvua ndefu na mvua hazikumkuta. Sitaandika juu ya hospitali, maana sikupelekwa. Tulimzika nyumbani kwa baba, huko Seme, mbele kidogo ya Kombewa. Siku hizo ilikuwa ndiyo inaanza kuwa desturi watu wenye uwezo kidogo kumwita mpiga video matangani, ili ndugu walio mbali wasiseme hawakuzika. Aliyekuja alikuwa mtu mrefu mwenye fulana ya mifuko mingi. Watu walimwita Bwana Picha. Alibeba kamera begani kama mtu abebaye mtoto wa mbuzi, akapanda juu ya viti, akapita katikati ya wanaolia, na kila aliyegeukiwa na kile kioo alilia kwa nguvu zaidi. Mimi nilikaa nyuma ya Mama Zuhura, nimeshika buibui lake. Katika kanda ile yote naonekana mara moja tu: vidole vinne na nusu ya kiatu.

Baada ya wiki kadhaa kanda ilifika nyumbani, ndani ya jalada lenye jina la mama lililoandikwa kwa kalamu nyekundu. Ikawa mgeni yeyote anayekuja kutoa pole, na walikuja wengi, akishakunywa chai anasema, "Sasa tuwekee, tuone vile mlimpeleka." Baba alifunga pazia, ingawa ilikuwa siku ya kazi, akaondoa kitambaa cheupe, akawasha. Nilikaa mkekani peke yangu.

Watu hulia wakitazama video ya mazishi, lakini vilevile huongea. Wanaongea kama walio sokoni.

"Eh, watu walijaa!"

"Huyo amevaa kofia ya manjano kwa matanga ya watu ni nani?"

"Si ndiye binamu wa Muhoroni, yule wa trekta za miwa. Hana adabu tangu zamani."

"Jeneza zuri. Baba Achieng, ulifanya vizuri, bwana. Hapo hakuna wa kukulaumu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kila mara ilipofika mahali ambapo shada la mwisho linawekwa juu ya udongo, alibonyeza kidude kwa kidole gumba. "Imetosha," alisema. Haikupata kupita hapo hata mara moja. Niliijua kanda ile kama sala. Nilijua ni wakati gani jogoo anapita mbele ya mchungaji, na wakati gani mkono wa nyanya unateleza kwenye jeneza.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Akiinuka, nyumba nzima inainuka. Anasindikizwa hadi barabarani, watu wanasimama tena pale wanaongea, wanaagana mara tatu, na hawarudi mpaka gari limwondoe. Mimi nilizoea kujilaza mkekani na kujifanya nimelala ili nisishikwe mikono na kuambiwa pole. Siku moja mgeni wetu alitazama saa kabla kanda haijafika kwenye shada. Alikuwa anachelewa gari. Wote wakatoka mbio mbio na maneno yao, viatu vikagongana mlangoni, na baba akasahau kuzima.

Shada la mwisho liliwekwa. Kamera ilitazama udongo kwa muda. Kisha kioo kikawa vidoti vyeusi na vyeupe, vinachemka kama mchele chunguni. Nilitaka kuinuka nizime. Sikuinuka, kwa sababu vidoti vilipasuka, na kukawa na jua.

Kulikuwa na ukuta mweupe na mlango wa buluu. Kando ya mlango, ndani ya uzio mdogo wa miiba, kulikuwa na mche wa mpapai usiofika goti la mtu. Mlango ulifunguliwa na mama akatoka.

Alivaa gauni lake la kijani lenye vifungo vikubwa. Alibeba sinia la wali kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni. Alisimama. Akanitazama. Sijui niseme vipi: hakutazama pembeni kama watu wa filamu, alinitazama mimi, mkekani, na akacheka kwa mdomo wazi, likaonekana lile pengo la jino la juu. Aliegemeza sinia kiunoni, akapunga mkono mmoja, kiganja chini, vidole vikipigapiga hewa. Midomo yake ilisema kitu. Sauti haikuwepo, ila mvumo tu kama mvua ya mbali juu ya mabati. Kisha kamera iligeuka upesi, ikapita juu ya ukuta wa kinu cha kusagia mahindi ulioandikwa kwa herufi kubwa, na kanda ikafika mwisho. Deki ilikoroma, ikaanza kujirudisha yenyewe.

Baba aliporudi alinikuta nimejilaza. Aliniwekea kanga miguuni.

Sikumwambia. Mimi sikuwa mtoto wa kusema vitu. Nilibaki na jambo lile kifuani, nikalipima kwa sheria za mama mwenyewe, moja baada ya nyingine. Inayofuata ndiyo iliyotokea baadaye: kaburi lilikuja kwanza, mlango wa buluu ukafuata. Kungoja kumetupwa. Na picha haikutikisika kama maji ya karai; nilikuwa nimeangalia vizuri, hakukuwa na maji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akikumbuka. Alikuwa amekufa, amemaliza, ameamka, ameenda zake. Tena alikuwa ananiita. Kiganja chini, vidole vinapiga: njoo.

Nilienda kufungua sanduku lake la nguo, lile la bati chini ya kitanda. Gauni la kijani halikuwamo. Lilikuwa limegawiwa, bila shaka, kama nguo zote za marehemu zinavyogawiwa ndugu zake, lakini hilo mimi sikulishuhudia na hakuna aliyeniambia. Nilichokiona ni nafasi tupu kwenye sanduku. Nilijua amekuja kulichukua sisi tukiwa shule na kazini. Usiku huo sikulala. Nilisikiliza bawaba za mlango, si kwa hofu. Nilisikitika tu kwamba alikuja na hakunikuta.

Tangu hapo kila mgeni kwangu alikuwa nafasi. Nilingoja asindikizwe, nikasogeza kanda mbele kama nilivyomwona baba akifanya, nikatazama. Mara ya nne nilikuwa nimesoma ukuta wa kinu, herufi kwa herufi, kidole changu kikigusa kioo: KA-TI-TO. Nililijua jina hilo. Magari ya kwenda Kisii yalilitaja.

Nilianza kuogopa vitu nilivyokuwa sijaogopa. Niliogopa umeme kukatika. Niliogopa kwamba siku moja nitafika mwisho wa kanda na mlango hautafunguliwa, kwa kuwa amechoka kuniita. Wakati mwingine, nikiosha vyombo, nilihisi jua lile likiwaka nyuma yangu, na nilipogeuka palikuwa na ukuta wetu tu na kalenda. Shuleni nilichora mlango wa buluu nyuma ya kila daftari. Mwalimu alinichapa kwa kuharibu vitabu, na sikueleza.

Ndipo siku moja baba alimwambia Mama Zuhura, wakiwa wamesimama mlangoni, "Wageni wamekwisha sasa. Jumapili naipeleka hiyo kanda kwa mama yangu Seme. Ikae huko. Hapa ndani inanimaliza."

"Fanya hivyo, baba," Mama Zuhura alisema. "Nyumba ya mtoto mdogo haifai kuwa na jeneza kila siku saa ya chai."

Nyanya yangu hakuwa na umeme. Nilihesabu siku. Zilikuwa tatu. Kama kanda itaondoka, mama atabaki amesimama mlangoni na sinia lake, anapunga mkono, na hakuna mtu duniani atakayemwona.

Jumamosi mchana baba alikuwa amekaa kwenye stuli akipaka viatu rangi. Nilisimama mbele yake hadi akainua macho.

"Baba," nilisema. "Mama yuko Katito."

Brashi ilisimama. "Umesemaje?"

"Yuko Katito. Kuna mlango wa buluu. Anatuita na hatuendi."

"Nani amekwambia maneno hayo? Ni watoto wa huko nyuma?"

"Hakuna mtu. Nimemwona. Yuko kwa kanda, baada ya wewe kuzima."

Hakunigombeza. Alinitazama kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Aliweka kiatu chini, akaingia ndani, akafunga pazia, akawasha deki. Nilimwonyesha mahali pa kusogeza. Shada. Udongo. Mchele unachemka. Jua.

Mama alipotoka, baba alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alipiga magoti mbele ya televisheni. Mama alipocheka, baba aliweka kiganja chake chote juu ya kioo, pale penye uso, kisha akakiondoa upesi kwa kuwa kilikuwa kinamficha. Deki ikakoroma. Akairudisha. Akaitazama tena. Mwanga wa jua uliopenya kwenye tundu la pazia ulihama kutoka kwenye meza hadi ukutani, naye bado alikuwa hajainuka, rangi ya viatu imemkaukia vidoleni. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilifurahi sana. Sasa tulikuwa wawili tunaojua.

Mwishowe alisema, bila kugeuka, "Kesho hatuendi Seme. Tunaenda Katito."

Nimekua na nimezaa, na bado namwuliza baba kimoyomoyo kwa nini. Alijua. Mtu mzima, karani, anayejua Kiingereza: alielewa papo hapo kwamba Bwana Picha alitumia kanda iliyokwisha kutumika, na kwamba kipande kile kilichobaki mwishoni kilikuwa cha harusi ya binti aliyekuwa mpangaji katika safu yetu, aliyeolewa akaenda mbali. Mama alikwenda kusaidia kupakua chakula, mimi nikabaki na baba kwa sababu nilikuwa na surua. Angeweza kuniambia kwa sentensi moja. Badala yake alivaa koti lake la kanisani, akanivika soksi nyeupe, akachana nywele zake mbele ya kioo mara mbili.

Tulishuka Katito jua likiwa kichwani. Ukuta wa kinu ulikuwa palepale, na herufi zake, na ngurumo ya mashine ikitikisa ardhi chini ya soksi zangu nyeupe. Watu walipanga foleni na madebe ya mahindi. Ng'ambo ya njia nikauona mlango. Ulikuwa wa buluu. Nilivuta mkono wa baba, naye akaniacha nimvute, anatembea kama ninavyotaka mimi.

Kisha nikasimama.

Kando ya mlango kulikuwa na mpapai. Ulipita paa. Shina lake lilikuwa nene kama mguu wa mtu mzima, limejaa makovu ya majani yaliyoanguka, na juu kabisa mapapai yalining'inia, mengine yameshaiva hadi ndege wameyatoboa. Nilitafuta uzio mdogo wa miiba. Haukuwepo. Nilitafuta mche mwingine upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Sisi kule Seme tuna mipapai, na nilijua mti huo unachukua muda gani kutoka gotini hadi juu ya bati. Nilikuwa mtoto mdogo tu, lakini nilikuwa nimefundishwa kutazama. Hakuna aliyenieleza. Nilisimama pale njiani na nikaona mama akirudi nyuma, mbali, nyuma ya hospitali, nyuma ya surua yangu, akitembea kinyumenyume na sinia lake, mpaka akawa mahali ambapo hakuna gari linalofika.

"Baba," nilisema.

Lakini baba alikuwa ameshapiga hodi.

Mlango ulifunguliwa. Akatoka mwanamke mnene, mchangamfu, mikono yake ina unga. Alikuwa mama wa yule bibi harusi. Baba alijitambulisha, akasema tumepita tu kusalimia, sisi ni watu wa Kisumu, majirani wa zamani wa binti yake. Mwanamke alipiga makofi.

"Wa ile safu! Karibu, karibu, kaeni hapa kwa benchi. Sasa ngoja, wewe ni bwana ya nani? Ya yule mama wa gauni ya kijani?"

"Ndiyo," baba alisema.

"Woi! Yule! Yule mama alifanya tukacheka siku hiyo yote. Mtu wa video alisimama kwa mlango na hiyo kamera yake, hapa, hapa hapa, wali inatoka anapiga picha, nyama inatoka anapiga picha. Hakuna mtu anaweza kupita. Mama yako, mtoto," na hapa aliniinamia, na sikujificha, "alimwambia hivi." Akaweka mkono mmoja kiunoni kama aliyebeba sinia, na kwa ule mwingine, kiganja chini, akapigapiga hewa. "'Wewe mrefu, toka kwa mlango! Sogea! Watu wako na njaa, na wewe unalisha mashine!' Na yule mtu hakutoka! Akaendelea kupiga!"

Alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa unga. Baba naye alikuwa anatabasamu. Ameinama mbele, mikono katikati ya magoti, anatabasamu kama mtu anayesimuliwa habari za mtu aliyeko chumba cha pili.

"Sasa hajambo?" mwanamke aliuliza. "Mbona umemwacha? Kifunguamimba wangu anaoa Desemba. Mwambie aje. Nataka yeye asimamie chakula, hao wengine hawawezi."

Baba alifungua mdomo. Nilimtazama. Nilitazama mikono yake kama nilivyofundishwa, na niliona inafanya nini: ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya koti, polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kitu asichotaka kimwagike.

"Nitamwambia," alisema.

Mashine ya kinu ilikuwa inanguruma. Mwanamke alichukua kikombe kwenda kutuletea maji. Nilielewa kwamba tukinywa maji hayo na kuondoka, itakuwa hivyo. Nyumba hii itabaki inamngoja hadi Desemba. Baba atakuja tena, mwezi ujao na mwezi utakaofuata, na koti lake la kanisani, akae kwenye benchi hili, mahali ambapo mtu mmoja bado hajui. Sijawahi tena kuogopa kama nilivyoogopa kutaka kusema neno. Ulimi wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Mama," nilimwita yule mwanamke. Akageuka. "Mama yangu alikufa. Tulimzika Seme."

Hakuniamini. Alimtazama baba ili amwambie kwamba mtoto anacheza. Baba alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ni ule ninaouona nikifumba macho hata sasa, uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi na mtoto wake mwenyewe. Kisha ukavunjika.

Mwanamke alitupa kikombe na kupiga mayowe yale ya kwetu, marefu, yanayoanzia tumboni, mikono kichwani. Ng'ambo ya njia mtu alizima mashine. Kimya kilishuka, na kutoka kwenye kinu na kwenye foleni watu walianza kuja, weupe kwa unga nyusi na mikono, wanauliza ni nani, ni nani, na waliojibiwa walianza kulia kwa ajili ya mtu waliyemwona siku moja akibeba wali. Baba hakulia mazishini. Kila mgeni aliyetazama kanda alilisifu hilo. Sasa alikuwa ameinuka kwenye benchi hajui aende wapi, na watu wasiojua jina lake walikuwa wamemshika pande zote, koti lake jeusi limejaa alama nyeupe za mikono yao, na alilia kwa sauti, akimwita mama kwa jina lake la usichana ambalo sikuwa nimelisikia kabla ya siku hiyo.